Lulu nyeusi kwenye sanduku la harusi: thamani yake inatoka wapi na nitaijuaje ya kweli?

BintiShangani (Mtwara mjini)

Habari zenu wadau, naomba msaada hasa kwa masonara na mnaojua vitu vya baharini. Mdogo wangu anaolewa mwezi wa kumi na mbili, upande wa bwana harusi wameuliza mbali na dhahabu bibi harusi anapenda nini kwenye sanduku, na yeye bila kuficha kasema anataka lulu nyeusi. Kuna siku tulipita duka moja la vito Dar akaona hereni za lulu nyeusi zimewekwa kwenye kabati la kioo, ni nyeusi lakini ukisogea kidogo inatoka kijani alafu zambarau kwa mbali, tokea siku hiyo hajatulia na mimi mwenyewe simlaumu maana nilisimama pale pale nikaangalia mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka kujaribu.

Sasa shemeji mtarajiwa kapata muuzaji mtandaoni, anauza seti nzima yani kidani, hereni na bangili kwa laki mbili na nusu, anasema ni lulu za Tahiti orijino. Nimetumiwa picha, punje zote mviringo sawasawa, nyeusi tii, zinang'aa vibaya mno. Kule dukani hereni peke yake zilikuwa zinazidi hiyo hela mara kadhaa. Ivi tofauti yote hiyo inatoka wapi? Wenye maduka wanatuonea au huyu wa mtandaoni ndo anatuchezea?

Alafu kuna mama mkubwa, yeye kasikia nyeusi tu kakataa, anasema bibi harusi hawekewi kitu cheusi sandukuni, ni kuita msiba. Sitaki kubishana nae ila nataka nikienda kukaa nae niwe na la kumwambia, hizi lulu walizivaa kina nani, tokea lini, na kwanini watu wanazipenda hivyo.

Na la mwisho, hawa chaza wetu wa Msangamkuu na Naumbu huku Mtwara mbona sijawahi sikia mtu kapata lulu nyeusi?

---

FundiSonara_Lindi

Dada hongereni kwa harusi. Mimi ni sonara hapa Lindi, kazi nimeirithi kwa baba, lulu sizipati kila siku lakini nimezifunga na nimeletewa nyingi za feki nitengeneze. Kwa laki mbili na nusu seti nzima hiyo sio lulu nyeusi ya Tahiti, haiwezekani, na wala sio kwamba wenye maduka wana roho mbaya.

Angalia inavyopatikana. Kuna chaza anaitwa kitaalamu Pinctada margaritifera, huyu ukingo wa mwili wake ni mweusi na ndani ya gamba lake pembeni kuna weusi. Fundi anamfungua kidogo sana, anapasua mahali maalumu mwilini, anaweka kishanga cha mviringo kilichochongwa kwenye gamba la kome wa maji baridi, kwa kawaida wa mito ya bonde la Mississippi kule Marekani, na pembeni ya kile kishanga anaweka kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye ukingo wa chaza mwingine. Hicho kipande ndo chenye kazi yote, kinakua kinakizunguka kishanga na kuanza kukipaka tabaka juu ya tabaka, na rangi ya lulu inategemea sana kile kipande kimetoka kwa chaza wa namna gani. Anarudishwa baharini, ananing'inizwa kwenye kamba, anakaa mwaka na nusu mpaka miwili, na muda wote huo lazima watu wamtoe wamsafishe maana anaota vitu gambani. Kuna wanaokufa, kuna wanaokitema kishanga, na kwa wale wanaofika mwisho nyingi zinatoka na mikunjo, vishimo au umbo la tone. Mviringo safi ni chache.

Na hapo ni punje moja. Kidani kinataka punje kama 40 zinazofanana ukubwa, rangi na mng'ao, wakati chaza wawili hawatoi kitu kimoja. Kwahiyo mtu anakaa na maelfu ya lulu mezani anachambua anapanga. Bei ya kidani ipo kwenye kuchambua kuliko kwenye lulu moja moja.

Ndo maana picha yako imenistua pale uliposema punje zote nyeusi tii. Lulu nyeusi ya kweli ni nadra iwe nyeusi hivyo, nyingi ni kijivu kizito chenye kijani, bluu, zambarau ya biringanya, ile wanayoitafuta sana wanaiita rangi ya tausi, kijani na waridi vinapishana juu ya weusi. Ukiziweka kidani kizima mezani mchana kweupe lazima uone zinatofautiana kidogo. Zikiwa sawa zote bila tofauti hata moja shtuka.

Ukiweza kuzishika, zipitishe taratibu mno kwenye makali ya meno ya mbele, ya kweli utasikia chengachenga, ya kioo au plastiki inateleza tu. Lakini dada hili la meno haliishii hapo maana lulu nyeupe ya kweli iliyotiwa rangi nyeusi nayo ina chengachenga vile vile. Zipo nyingi za China za maji baridi zinatiwa rangi, ni lulu kweli, ni za bei nafuu, na muuzaji akikwambia wazi kwamba imetiwa rangi hajakukosea. Shida ni anayesema Tahiti.

Cha kuangalia ni tundu, pale uzi unapopita. Mwambie akupigie picha ya karibu kabisa ya tundu la punje mbili tatu kwenye mwanga wa jua.

---

MwanaMikindani

Fundi kaeleza vizuri, mimi niongezee upande wa historia maana nimesoma sana habari hizi.

Watu wengi wanadhani lulu nyeusi zilianzia Tahiti. Kabla ya huko Ulaya walikuwa wakizipata nyingi kutoka ghuba ya California, upande wa Mexico, karibu na mji wa La Paz. Yule Mhispania Hernán Cortés alifika pale 1535 na moja ya vitu vilivyompeleka ilikuwa ni habari za lulu. Zile zilikuwa za asili kabisa, wapiga mbizi wanashuka wanakusanya chaza mamia kwa mamia kutafuta chache, na kwasababu zilikuwa adimu hivyo zikawa za wafalme. Karne ya 19 malkia Eugénie, mke wa Napoleon III wa Ufaransa, alizivaa na akazifanya zitamaniwe na mabibi wakubwa wa Ulaya, utawala wao ulipoanguka 1870 vito vyake vikauzwa London. Kwahiyo dada ukienda kwa mama mkubwa mwambie hizi ni lulu za ikulu.

Kule Polynesia ya Ufaransa, visiwa vya bahari ya Pasifiki ambako Tahiti ipo, chaza mwenyewe mweusi alikuwa anavuliwa kwa sababu nyingine kabisa, gamba. Magamba yalipakiwa melini kwenda kutengenezwa vifungo vya mashati. Walivua kwa miaka mingi mpaka kwenye visiwa vingi vya Tuamotu na Gambier chaza wakapungua sana, na ilipokuja plastiki vifungo vya gamba vikakosa soko. Watu wa visiwani wakabaki hawana la kufanya.

Wajapani wao walishajua kuotesha lulu, Mikimoto Kokichi alipata nusu lulu za kwanza 1893, yani za nusu duara zinazoota zimeshikana na gamba, ila walitumia chaza wa aina nyingine, mdogo, wa lulu nyeupe. Mwaka 1961 ofisa mmoja wa Kifaransa, Jean-Marie Domard, akamleta fundi wa Kijapani wakajaribu kwa huyu chaza mweusi, na zikatoka. Miaka hiyo ya 60 likaanzishwa shamba kisiwa cha Manihi, ndo safari ikaanza.

Sasa kilichonifurahisha ni kwamba mwanzoni hazikuuzika! Mfanyabiashara wa New York aitwae Salvador Assael alizipeleka sokoni miaka ya 70 watu wakazikataa, hawajui ni kitu gani, na wengine wanadhani zimepakwa rangi. Alisubiri zipatikane nzuri zaidi, akaenda kwa Harry Winston, sonara mkubwa wa Marekani, zikawekwa dirishani kwenye duka lake mtaa wa Fifth Avenue katikati ya almasi. Na 1976 maabara ya taasisi ya vito ya Marekani, GIA, ikathibitisha kwamba rangi yake ni ya asili, chaza ndo anaitengeneza. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kama zimepakwa, wakawa wanauliza bei.

Mimi binafsi naona hilo ndo linalozipa heshima yake. Weusi wake hakuna mtu aliyeutia. Zile tabaka ni nyembamba na mwanga unaingia unarudi kutoka kwenye tabaka tofauti, ndo unaona kijani inatokea alafu inapotea ukigeuza mkono. Rangi ya kupaka inakaa pale pale ilipo, haichezi.

---

Bi_Naumbu

Asalaam aleikum wanangu. Nimejibu kwa ajili ya lile swali la chaza wetu.

Sisi wanawake wa huku bahari ikitoka bamvua tunashuka kuokota, na chaza tunaowapata kwa wingi ni wale wa kwenye miamba na mizizi ya mikoko, unawagonga na nyundo au panga. Hao ni wa kula, hawana ule mng'ao ndani, gamba lao ndani ni jeupe la chokaa. Hao hata ukifungua mwaka mzima hutopata lulu ya kuvaa.

Yule chaza wa lulu yupo baharini kwetu, msidhani yupo Tahiti tu. Anakaa chini zaidi, kwenye matumbawe, gamba lake bapa na la duara na pana kuzidi kiganja, nje limejaa uchafu wa bahari hulitambui, ila ukilifungua katikati ni fedha safi alafu ikielekea ukingoni inaingia kijani, inaingia weusi mpaka mwisho wa gamba. Mimi ninalo moja nyumbani naliwekea sabuni. Wapiga mbizi wanamleta mara chache, na ambaye ana lulu ndani kwa bahati yake tu ni mmoja katika wengi mno, na mara nyingi kajiwe kadogo kasiko na umbo.

Jambo jingine mkae mkijua, sisi tunachemsha. Chaza anaingia sufuriani na gamba lake, anafunguka kwa moto, ndo tunachokoa nyama. Hata kama palikuwa na lulu, moto umeshaiharibu, inatoka imefifia haina nuru, mtu anaitupa akidhani jiwe. Kwahiyo ukisema hatujasikia mtu kapata, pengine watu wamezipata wakatupa.

---

MwanaMikindani

Bi Naumbu shikamoo, umenikumbusha kitu. Mreno Duarte Barbosa aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 habari za pwani hii yetu alitaja visiwa vya upande wa Sofala, Msumbiji ya leo, akasema kuna lulu lakini wenyeji wanaziharibu kwasababu chaza wanawapitisha kwenye moto. Miaka 500 na sufuria ni ile ile.

Na kwa wanaotaka kujua, Tanzania lulu zinaoteshwa tayari. Wanawake wa Fumba na Bweleo kule Unguja waliingia kwenye kazi hii wakishirikiana na Taasisi ya Sayansi za Bahari, na Mafia pia imejaribiwa. Ila zile ni nusu lulu, hawampasui chaza, wanagundisha kidude cha nusu duara ndani ya gamba lake, anakipaka mwenyewe miezi tisa kwenda mwaka alafu wanakata. Wanamtumia huyu mweusi na yule mwingine mwenye gamba lenye bawa, zinatoka za fedha, za shaba, nyingine nyeusinyeusi. Ni nzuri sana kwa pete na hereni na hela inabaki kwa mama zetu. Natamani siku moja na huku kusini tuanze, bahari tunayo na chaza tunae.

---

BintiShangani

Nawashukuru sana jamani, Bi Naumbu shikamoo mama yangu.

Kaka Fundi nimemwandikia yule muuzaji anipigie picha ya tundu, kwanza kaniuliza ya nini, alafu kanitumia moja. Nimeikuza kwenye simu, ukingo wa tundu ile rangi nyeusi imebanduka kidogo inaonekana ni kiganda chembamba sana, na chini yake kuna kitu kinapitisha mwanga. Sasa mimi nikajiuliza, si umesema hata ya kweli ndani kuna kishanga cha gamba, sasa nitajuaje kwamba hicho ninachoona sio hicho kishanga?

---

FundiSonara_Lindi

Swali zuri na hapo ndo wengi wanachanganywa. Ya kweli ukitazama ndani ya tundu na lenzi unaona kwanza unene mweusi au wa kijivu, sio kiganda, ni unene wenye tabaka, alafu kuna mstari, alafu ndo kinaanza cheupe ambacho ni kishanga cha gamba. Polynesia kwa miaka mingi waliweka sheria lulu yenye tabaka chini ya milimita 0.8 isiuzwe nje, kwahiyo huo unene unauona, haujifichi. Na ukingoni haubanduki, unakuwa mkali na safi. Wewe umeona kiganda chembamba kimebanduka na chini kinapitisha mwanga, hicho ni kioo kilichochovywa rangi. Asilipwe hata shilingi.

Ile iliyotiwa rangi nayo ina alama yake, rangi inajikusanya kwenye mdomo wa tundu na kwenye vishimo, panakuwa peusi zaidi kuliko pengine. Ukiona hivyo ujue rangi imetoka nje imeingia ndani.

---

KoroshoDaraja1

Mimi niwe tofauti kidogo. Nyie mnasifia sana lakini hela ya korosho inakuja mara moja kwa mwaka, mkimnunulia bibi harusi dhahabu siku ya shida anaenda kuiuza kwa gramu anapata hela siku hiyo hiyo. Lulu nyeusi Mtwara hii utamuuzia nani? Na nimesoma kwamba bei yake ilishuka sana kuanzia miaka ya 2000 maana Polynesia walizalisha kupita kiasi. Huyo mama mkubwa asikilizwe.

---

FundiSonara_Lindi

Mkuu hilo la kuuza ni kweli, mimi mwenyewe mteja akiniambia anataka akiba namuuzia dhahabu. Na bei kushuka ni kweli, ndo maana leo mtu wa kipato cha kati anaweza kununua punje mbili wakati zamani asingeweza kuzigusa. Ila sanduku la harusi sio benki peke yake, dhahabu si ipo? Hiki ni kitu bibi harusi kakipenda kwa macho yake.

---

HajiMikindani

Kuhusu mama mkubwa na rangi nyeusi. Binti yangu, nenda kwake kwa adabu, usiende na hoja za Ulaya, malkia wa Ufaransa hatomsaidia kitu. Lulu imetajwa kwenye Quran, Surat Rahman, pamoja na marijani, katika neema zitokazo baharini, na haikubaguliwa rangi. Alafu muulize taratibu, siku ya harusi huyo bibi harusi mikononi na miguuni atachorwa nini? Si piko? Machoni si wanja? Hivyo vyote ni vyeusi na hakuna harusi ya pwani inayokosa, na yeye mwenyewe mama mkubwa alipakwa na alipendeza. Weusi huu wa pambo haujawahi kuwa wa msiba kwetu.

Na ukiweza mpeleke akaione yenyewe. Mtu mzima akiambiwa nyeusi anawaza kitambaa cheusi. Akiiona ile nuru atasema mwenyewe.

---

BintiShangani

Haji shikamoo, na ahsante sana kwa neno la piko, hilo nitaanza nalo. Jioni hii nimempigia shemeji nikamweleza mambo ya kioo, kakasirika ila kaelewa, hajatuma hela bado alhamdulillah.

Tumekubaliana kidani tuachane nacho. Zinanunuliwa hereni tu, punje mbili, zile za umbo la tone kwasababu Fundi kasema mviringo safi ndo ghali, na kwa kweli mimi tone naziona nzuri zaidi zikining'inia. Tutaenda Dar mwenyewe na mama mkubwa tunamchukua. Kaka Fundi je tukinunua punje tupu bila dhahabu unaweza kutufungia wewe hapo Lindi? Na mtu wa pwani joto hili na jasho anazitunzaje?

---

FundiSonara_Lindi

Nafunga dada, na itakutoka nafuu kuliko kununua zikiwa tayari, utalipia gramu za dhahabu na ufundi tu.

Utunzaji, lulu ni laini kuliko vito vingi, inaweza kukwaruzwa hata na vito vya dhahabu, kwahiyo isilale kwenye kopo moja na bangili, ifungiwe kwenye kitambaa laini peke yake. Tindikali inaila, na hapo namaanisha ndimu, siki, hata jasho likikaa. Marashi, udi wa kupaka, mafuta ya nywele vitangulie, lulu ivaliwe mwisho na ivuliwe kwanza, alafu ifutwe na kitambaa chenye unyevu kidogo na ikauke kabla ya kufungiwa. Siku ya kutengeneza achari avue. Baharini asiingie nazo, sabuni ya unga isizikaribie.

Mkiwa dukani zitazameni mlangoni kwenye mwanga wa mchana, msizitazame chini ya taa za kabati maana zile taa zinapendezesha kila kitu. Zigeuzeni pande zote, ziwekeni pamoja muone zinaelewana rangi, na muuzaji aandike kwenye risiti kwamba rangi ni ya asili. Akisita kuandika ondokeni.

Na kitu kimoja muhimu, waambie punje zitobolewe nusu tu, tundu lisipite upande wa pili. Hereni ya tone inakaa kwenye kijiti cha dhahabu kinachoingia nusu na gundi maalumu. Ikishatobolewa mpaka mwisho nitalazimika kupitisha waya na chini itabaki na kitundu kinachoonekana. Ukifika Lindi nitafute humu humu nikuelekeze.